Mwanamke Aliyesimama Wima Kwenye Kioo

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, ndivyo majirani wanavyotucheka, na sisi tunacheka nao kwa sababu tunajijua. Basi nasema mapema: habari hii ilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la dengelua, pombe yetu ya miwa. Atakayeniita mwongo aje tukae mbele ya baraza, nitamshinda. Sikuhadithiwa na mtu wala sikuota. Niliona kwa macho haya haya ambayo leo yanataka miwani, lakini wakati ule yalikuwa yanaona unywele ulioanguka begani kwa mtu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, Bwana Disii, mkuu wa wilaya, akiwa bado anapita Same na kofia yake. Mimi kijana wa Maore, huko tambarare chini ya Gonja, nilikuwa nimepata kazi Same kwa mpiga picha mmoja aliyeitwa Fundi Salehe. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alikuwa na kamera mbili, moja ndogo, mpya, aliyoivaa shingoni na hakuruhusu mtu aiguse, na nyingine ya zamani, sanduku kubwa la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Hiyo ya zamani ndiyo ilikuwa yangu. Tukiitwa harusini yeye alikuwa mpiga picha wa kwanza, anakaa na bwana harusi mpaka kanisani. Mimi wa pili nilitangulia nyumbani kwa bibi harusi, nimpige picha pamoja na ndugu zake kabla watu wa bwana harusi hawajaja kumchukua.

Msidhani kazi ya wa pili ni kubonyeza tu. Kazi yake kubwa ni kukusanya watu. Kila harusi ina wanaojificha: mjane anayeonea haya nguo zake, shangazi aliyegombana na kaka yake, mpwa asiye na viatu. Hao wanasimama mbali, nyuma ya migomba, wanatazama. Fundi Salehe alinifundisha kuwatafuta kwa macho na kuwaita mmoja mmoja. "Asiyekuwepo na lake halipo," alikuwa akisema. "Usije ukaniletea picha ya harusi yenye nusu ya ukoo." Nami nikawa hodari wa kuita, nikajisifu kwa hilo.

Naomba mvumilie niwaeleze kamera ile, maana bila hivyo hamtanielewa. Nyuma yake kulikuwa na kioo kilichosuguliwa kikawa cheupe. Unajifunika kitambaa cheusi, unafungua kifuniko cha mbele, na watu walio mbele yako wanaonekana kwenye kioo kile wakiwa kichwa chini miguu juu. Wote, bila kubagua, mchungaji na mlevi, wananing'inia kama popo. Ukiridhika na walivyokaa unafunga kifuniko, unachomeka nyuma kibao chembamba chenye sahani yenye dawa ya kushika picha, halafu unafungua tena kifuniko ili picha iingie. Lakini kibao kikishaingia kinaziba kile kioo, huoni tena kitu. Ama unaona, ama unapiga. Kamera ile haikukubali yote mawili kwa pamoja.

Siku hiyo tulitoka Same na lori la mtu aliyekuwa anapanda milimani kufuata kahawa. Same mnaijua, jua na vumbi na mikonge. Ukianza kuipanda njia ya Vudee hewa inageuka, shingo inapata baridi, na punde unajikuta ndani ya ukungu unaonukia majani mabichi. Fundi alishuka kwa bwana harusi, karibu na kanisa. Mimi nikaonyeshwa kwa kidole: panda ule mgongo wa mlima, ukifika kwenye ndiva shika kulia, mbele utasikia vigelegele. Ndiva ni yale mabwawa ya wazee wetu ya kukusanyia maji ya mifereji. Nikabeba sanduku mgongoni, miguu mitatu begani, nikapanda.

Ukungu ule, jamani. Niliwahi kuuona mwingi, lakini wa siku hiyo ulikuwa mzito na mtulivu, ukipita taratibu katikati ya migomba kana kwamba una safari yake. Nilisikia kengele za mbuzi sikuona mbuzi. Nilisikia maji yakitembea kwenye mfereji pembeni yangu, na sauti yake ilinitia usingizi nikiwa natembea. Sikuwa na hofu, bali niliona raha ambayo sijui niielezeje, ile ya mtoto anayebebwa huku anasinzia.

Kwenye ndiva palikuwa na mwanamke amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Alikuwa kijana, rika langu au chini yangu, amevaa kaniki na kitambaa chekundu kichwani. Watu wakisimulia mambo haya hutaja kwato na macho ya moto. Huyu hakuwa na kwato. Alikuwa mwanamke mzuri tu, mwenye mwanya, na nilipomwambia hujambo dada alijibu sijambo kama mtu yeyote.

"Unakwenda kwa Namkunda," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiyo, bibi harusi huyo huyo. Akainuka akatangulia mbele kunionyesha njia. Hakunipokea hata mguu mmoja wa kamera, nikasema moyoni kwa ubahili huu huyu ni Mpare kweli. Akaniuliza bibi harusi amevaaje. Nikamjibu sijamwona bado. Akaniuliza anafanana na nani. Nikacheka, nikamkumbusha kwamba yeye ndiye mwenyeji, mimi ni mgeni. Akatembea hatua kadhaa, kisha akageuka akakitazama chombo changu.

"Hicho kinamchukua kila mtu?"

"Kila anayesimama mbele yake."

"Hata aliyekaa mbali?"

Nikajua nimepata mmoja wa wale wangu wanaojificha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwenye picha zangu hakuna asiyetakiwa, na kama anaona haya nitamwita mimi mwenyewe mbele ya watu.

"Basi niite," alisema. "Nisipoitwa siwezi kuingia."

Ningekuwa mtu mwenye busara ningeuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga. Lakini niliona ni magomvi ya ukoo, na magomvi ya ukoo kwetu ni mengi kuliko mawe. Nikamwahidi.

Nyumbani kwa bibi harusi niliwakuta ndugu wamejaa uwanjani, wanakunywa chai, makande yanaendelea jikoni. Nyanya yake Namkunda, bibi mmoja mkavu mwenye macho makali, alinipokea. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, keti upate chai. Pale kwenye chai ndipo nilipoelezwa habari ya nyumba ile. Namkunda hakumjua mama yake. Mama alifariki siku ile ile alipomzaa, na huyo bibi, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea. Picha ya marehemu haikuwepo, maana zamani hizo nani angepanda mlimani na kamera? Baba mtu hakuwahi hata kulitamka jina la mkewe tangu siku ya msiba. Kwa hiyo msichana alikuwa amekua bila uso wa mama, hata wa karatasi. Nilimhurumia, nikamaliza chai yangu, nikaenda kufunga kamera kwenye miguu yake.

Nikampanga Namkunda katikati, kwenye kiti, gauni jeupe limetandazwa. Bibi kulia kwake, baba kushoto, shangazi na wajomba nyuma. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa, nikazungusha macho. Yule wa kitambaa chekundu alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kwenye miti ya kahawa, ukungu umemfika kiunoni.

Nikapaza sauti. "Dada wa kitambaa chekundu, njoo. Usione haya, njoo usimame nyuma ya bibi harusi."

Watu wakageuka kutazama kule, kisha wakatazamana. Mimi nikadhani wanamdharau. Hasira ikanipanda, nikamwita tena kwa nguvu zaidi, nikawaambia wasogee wampishe. Wakasogea, maana mpiga picha siku ya harusi anasikilizwa kuliko mzee wa kanisa. Nikamwona anavuka uwanja. Akasimama nyuma ya kiti, akaweka mkono begani kwa Namkunda. Nami nikaingia ndani ya kitambaa changu cheusi.

Niaminini katika hili hata kama mtayakataa mengine. Kwenye kioo ukoo mzima ulikuwa kichwa chini miguu juu, kama kawaida. Bibi chini juu, baba chini juu, gauni jeupe linaning'inia. Na katikati yao alikuwepo mtu mmoja amesimama wima. Kichwa juu, miguu chini, kitambaa chekundu, mkono umenyooka kuelekea bega lililogeuzwa. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, kwa upole.

Nilitoa kichwa nje. Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Nafasi ile waliyompisha ilikuwa wazi, ukungu unapita ndani yake. Nikarudi ndani ya kitambaa. Alikuwepo.

Mtu wa kawaida angekimbia, nakubali. Mimi mikono yangu ilifanya kazi iliyozoea kufanya. Nikafunga kifuniko, nikachomeka kibao cha sahani, nikasimama kando ya kamera. Kwa mbali chini tukasikia nyimbo. Watu wa bwana harusi walikuwa wanapanda kumchukua bibi harusi wao.

Namkunda akasema kwa sauti ndogo, "Nani ameniwekea mkono?"

Akasema tena kwamba mkono ni wa baridi lakini ni mzuri, na kwamba anataka kulala kidogo. Macho yake yakawa mazito. Shangazi zake wakamwambia ainuke, nyimbo zinakaribia, asilale na gauni. Hakuinuka. Wakamshika mikono wamwinue, wanawake wawili wenye nguvu za jembe, wakashindwa. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupauka, wakaanza kuita jina lake kwa hofu.

Bibi akanijia. Akaniuliza nilikuwa namwita nani. Nikamweleza yote, ndiva, kaniki, mwanya, kitambaa chekundu kilichofungwa fundo kwa mbele. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kitambaa hicho nilimfunga mimi," alisema. "Siku tulipomtoa ndani kwenda kumzika."

Baba yake Namkunda alikuwa amesimama karibu akasikia. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mjomba mmoja akaanza kusali kwa sauti, wengine wakamfuata. Nyimbo za wageni nazo zilikuwa zinapanda, zikafika kwenye ndiva.

Namkunda alifumbua macho akanitazama. "Ni mama?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema, "Ndiyo."

"Mpige picha. Sijawahi kumwona. Mpige nimwone."

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kifuniko. Bibi akaushika. Alikuwa Mlutheri wa kweli, anayekwenda kanisani kila Jumapili, lakini hakuwa amesahau alikotoka. Akaniambia kwamba wazee wetu walikuwa na namna ya kuwaita waliotangulia na namna ya kuwaaga, na hakuna aliyeita bila kuaga. Mimi nilikuwa nimeita kama mtu wa sokoni. "Ukimfungia ndani ya chombo chako hatarudi alikotoka," alisema. "Na hatakubali kukaa humo peke yake. Mtazame mtoto."

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alikuwa anatabasamu. Kama angekuwa analia ningejua la kufanya. Ni lile tabasamu lililonitisha. Alikuwa anakwenda, na alikuwa anakwenda kwa furaha. Na nisipofungua kifuniko, nitakuwa nimemnyima yatima uso wa mama yake, siku ya harusi yake, na uso huo uko hatua chache kutoka mkononi mwangu. Nawauliza ninyi, mngefanya nini?

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamuuliza, "Unataka picha yake, au unataka kumwona?"

Akageuza shingo kidogo kuelekea bega lake. "Kumwona."

Nikainuka nikachomoa kile kibao cha sahani, nikakiweka chini kwenye majani. Kisha nikaitazama nafasi iliyo wazi nyuma ya kiti na kusema, "Dada, mimi ndiye niliyekuita. Naomba umwachie aje akuone. Akishakuona nakuaga, kwa sababu wenzake wanamngoja."

Tulisubiri. Ulipita ukungu mwingine, mzito, ukatufunika wote hata tusionane, kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Ulipopungua Namkunda alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Nikamwongoza mpaka kwenye kamera, nikamfunika kitambaa cheusi, nikafungua kifuniko. Sisi wengine tuliona gauni jeupe tu kuanzia kiunoni kushuka. Hakuna aliyesogea. Halafu tukasikia anacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyekutana na jambo alilolitarajia. Halafu akaanza kuzungumza. Sikusikiliza, nilijisogeza pembeni, yale hayakuwa yangu. Najua tu kwamba alizungumza muda mrefu, na kwamba mara mbili alinyamaza kama mtu anayejibiwa.

Alipotoka macho yake yalikuwa yamevimba, na mashavu yamepata damu.

"Amekwenda," alisema. Kisha akamgeukia baba yake. "Ana mwanya kama wangu."

Baba yule, ambaye miaka yote hakulitamka, alisema, "Nanzia." Akalirudia. "Nanzia alikuwa na mwanya. Alikuwa akipiga mluzi nao shambani, bibi yako akimkemea." Na bibi akasema ni kweli, alikuwa akimkemea, na akaketi chini kwenye majani akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake msibani. Wageni wa bwana harusi waliingia uwanjani na nyimbo zao wakakuta nyumba nzima inalia. Wakadhani ni uchungu wa kumuaga binti, wakaimba zaidi.

Sikupiga picha hata moja pale nyumbani. Fundi Salehe alinifokea njia nzima ndani ya lori, na nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka. Yeye ni mtu wa pwani, mambo haya anayaelewa kwa namna yake. Usiku ule aliifukizia ubani ile kamera mpaka duka zima likawa moshi, na kuanzia siku hiyo haikupelekwa harusini tena. Mimi niliendelea kuwa mpiga picha wa pili kwa muda mrefu. Lakini sijamwita tena mtu kabla sijamuuliza aliye karibu yangu: yule pale ni wa nani? Wananiona mzee wa maswali. Waache wanione hivyo.

Namkunda alipata watoto, akahamia upande wa Mwanga kwa mumewe. Kila aliposhuka Same alipitia dukani, akakaa kwenye benchi, akaniomba nimweleze tena uso ule, maana ulikuwa unamponyoka. Nilimweleza, na kila mara nilijikuta mimi pia nimepunguza kitu. Mwaka fulani alikuja, mvi zimeanza, akaniambia sasa yeye ni mkubwa kuliko mama yake, na uso umeondoka wote, umebaki mkono begani. Nikamuuliza kama ananilaumu kwa ile sahani niliyoichomoa. Akasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana, na akaniomba chai.

Jibu hilo linaniuma mpaka leo, sitawaficha. Na ndilo lililonifanya wakati ule niazime kamera ndogo ya Fundi, kwa ugomvi mkubwa, nikashuka Maore kwa mama yangu mzazi. Mama alikataa. Alisema nywele zake hazijasukwa, alisema kuni zinaungua bure, alisema picha ni za watu wasio na kazi. Nilimpiga hivyo hivyo, mdomo wazi, mwiko mkononi, ananifukuza. Haikutoka vizuri. Sasa hayupo, nayo ipo ukutani kwangu.

Kwa hiyo nawaonya kwa mambo mawili. Harusini usimwite usiyemjua, hata akiwa mzuri, hata akikuomba kwa upole, mpaka mwenye nyumba akuambie ni wa nani. Na mkitoka hapa nendeni mkawapige picha mama zenu, wangali na nguvu za kuwakatalia.